Mashine Iliyokuwa Inakufa Saa Tano

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema, ili mtu asije akafika katikati ya habari hii akaniuliza: lakini Madame, ilikuwaje mwanamke mzima, mwalimu wa hesabu na fizikia, akamfokea mwenzake mbele ya walimu wote kwa sababu ya simu? Nilifoka, ndiyo. Na nilikuwa nimekosea. Lakini siku ile, wallahi, nilijiona nina haki kuliko jaji.

Nafundisha Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, na nyumba yangu iko ng'ambo hii, Kisangani mjini. Kila asubuhi navuka kwa pirogi, yaani mtumbwi, nimepakata mkoba wangu mapajani, na ndani ya mkoba mna maktaba ya shule nzima. Sitanii. Ni kompyuta ndogo, ukubwa wake nusu mche wa sabuni ya kufulia. Haina kioo, haina vitufe. Ina taa mbili tu: nyekundu kusema nimepata umeme, na ya kijani inayopepesa kusema nafanya kazi. Mdogo wangu anayekaa Goma ndiye aliyeniletea, akanifundisha siku tatu kwa simu namna ya kuitumia, na siku zote tatu tuligombana.

Ndani yake mna kikadi kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Humo nilitia kamusi, vitabu vya hesabu, vya biolojia, ensaiklopedia nzima ya Kifaransa, halafu maswali ya mitihani ya Serikali ya miaka iliyopita. Hayo maswali niliyaandika mwenyewe, moja moja, likizo nzima, mpaka watoto wangu wakaniuliza kama bado nakaa nao. Ukiiwasha, mashine inatoa wifi yake yenyewe darasani. Hakuna intaneti, hakuna kununua mega. Mwanafunzi anashika tableti, anafungua ukurasa, anasoma. Wenye kazi hiyo wanaiita seva. Sisi tulisema mashine, basi.

Na uzuri wake mkubwa, mashine hii haina tamaa. Inakula umeme kidogo kuliko balbu. Shuleni kwetu hakuna waya wa umeme hata wa kuanikia nguo, lakini paneli moja ya sola ilitutosha. Tulikuwa tunaipandisha juu ya bati asubuhi na kuishusha mchana, isije ikaota miguu ikaondoka. Paneli ilijaza batri ya zamani ya pikipiki, na batri ililisha mashine pamoja na tableti nane ambazo wageni fulani walituachia. Préfet, yaani mkuu wetu wa shule, alinipa chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Tulifagia, tukatoa panya, tukaanza.

Chumba kilikuwa cha wanafunzi wa mwaka wa sita, wale tunaowaita finalistes, wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa kumaliza shule. Ukiupata unakuwa na diploma. Ukiukosa, umesoma miaka sita bure, au angalau hivyo ndivyo watu watakavyokuambia njiani. Wanafunzi wangu walikuwa arobaini. Kitabu cha hesabu walichokuwa nacho kilikuwa kimoja, changu, nacho hakikuwa na jalada.

Kati yao alikuwapo mama mmoja.

Alikuwa amenipita kidogo kwa umri. Ana watoto wanne, na binti yake mkubwa alikuwa mwaka wa nne palepale shuleni. Aliacha masomo akiwa mwaka wa tano, kwa sababu ya mimba ya huyo huyo binti. Asubuhi, kabla ya kengele, alikuwa anauza chikwange, mikate yetu ya muhogo ya kufungwa majanini, pale pirogi zinapotia nanga, kisha anatua beseni, ananawa mikono, anavaa blauzi nyeupe ya shule juu ya kitenge cha bluu na kuingia darasani. Mume wake ni mtu wa reli. Wakubwa wake wa kazi walikuwa wamemwambia kwamba mwaka wa shule ukiisha anahamia Ubundu, mwisho wa reli, na familia yote itamfuata. Huko Ubundu kuna shule ya msingi iliyomwambia huyu mama: leta diploma, tutakupa darasa. Hakuna diploma, hakuna darasa. Na préfet wetu alikuwa amempokea kwa mwaka mmoja tu, kwa roho nzuri. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi.

Siku ya kwanza alinifuata baada ya somo.

"Madame," akaniambia, kama tunavyowaita walimu wa kike, "mi sijagusa hesabu tangu huyu mutoto yangu alizaliwa. Unaona vile amekuwa murefu?"

Nilimwona. Alikuwa amenipita mimi kwa urefu. Nikasema tutajaribu.

Wanafunzi wote walimwita mama, na yeye aliwachukua hivyo hivyo. Tableti moja iligawanywa kwa watu watano, na katika kundi lake yeye ndiye aliyeishika. Hakuna kijana aliyethubutu kumpokonya. Alisoma maswali kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mistari, na wale vijana wanne waliokaa naye walikoma kutukanana kwa sababu aliwahi kumfuta mmoja midomo kwa pembe ya kitenge chake, mbele ya wasichana. Wakati mwingine nilijikuta nacheka ubaoni, nimewapa mgongo wasinione. Na nilimpenda, niseme wazi. Kila alipopata swali la hesabu alipiga meza kwa kiganja na kusema "Aka!" kama mtu aliyeua nyoka.

Jumatatu moja akaitazama mashine juu ya meza yangu, vumbi la barabara likiingia dirishani, akatikisa kichwa.

"Madame, hii kitu ya bei mutaiacha uchi hivi?"

Alikuwa na haki. Kwetu hapa redio ina kitambaa chake, televisheni ina kitambaa chake, hata friji ambayo haijaona umeme tangu ndoa ina kitambaa chake cha krosheti chenye maua. Kitu cha thamani hakikai uchi. Siku ya tatu akaniletea vazi lenyewe: kofia ya krosheti, sufu nyeupe na bluu, imeshonwa kwa kipimo kabisa, na ndani ametia kipande cha blanketi la kitinda mimba wake ili isikwaruze. Ameacha hata tundu la waya. Darasa lilipiga makofi. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, niliivalisha mashine kofia ile, nikawaambia wanafunzi: hivi ndivyo kitu kinavyoheshimiwa. Tukapiga picha. Tangu hapo, kila asubuhi nilipoiwasha niliivisha kofia yake, na mchana niliivua, nikaikunja vizuri mkobani isichafuke njiani.

Wiki ile ile mambo mengine mawili yalibadilika. Tableti tatu zilizokuwa zimelala tangu mwezi uliopita nilizitengeneza, kwa hiyo zikawa tena nane zote zinazofanya kazi. Na mwalimu wa historia, mtu wa Isangi, mpole, mwenye kutembea kama ana siku mbili kwa kila safari, alianza kuja wakati wa mapumziko kuchomeka simu yake kwenye batri yangu. "Kidogo tu, ndeko," akasema, yaani dada yangu. Nikamwachia.

Basi mashine ikaanza kufa.

Ilikuwa saa tano. Taa ya kijani iliacha kupepesa, ikabaki imekodoa kama jicho la samaki. Kwenye tableti zote nane kile kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka, kikazunguka. Niliizima, nikaitoa, nikaikung'uta, nikaipuliza, nikaivuta batri na kuirudisha. Baada ya nusu saa ikaamka kama hakuna kilichotokea. Kesho yake, saa tano, ikafa tena. Kesho kutwa, saa tano.

Nikivuka mto na kuiwasha nyumbani, inafanya kazi tangu magharibi mpaka nalala, haina hata kikohozi. Nikirudi Lubunga, saa tano, imekufa. Ee Mungu wangu! Wanafunzi walikuwa na maoni yao. Mmoja alisema ina jini la mto, linakataa kuvukishwa kila siku. Mwingine alisema imezoea kazi ya serikali, ikifika saa tano inaona imetosha. Huyo nilimtoa nje, ingawa nilicheka baada ya mlango kufungwa.

Mimi nilikuwa na maoni yangu pia. Mapumziko yetu yako saa nne na nusu. Mwalimu wa historia anachomeka simu saa nne na nusu. Mashine inakufa saa tano. Kwa mwalimu wa hesabu jambo lilikuwa limekwisha.

Niliingia chumba cha walimu nimeshika waya wa simu yake mkononi.

"Unatuulia mashine!" nikasema.

Alikuwa anakula mikate, vile vitumbua vyetu vya ngano. Akabaki na kimoja hewani. "Simu yangu?"

"Simu yako, ee! Batoto arobaini wanakaa bure ili wewe upige simu Isangi. Ninyi watu wa historia mnapenda tu vitu vilivyokufa!"

Walimu wengine waliinamia vitabu vyao kama siku ya ukaguzi. Yeye aliweka kitumbua chini. Alipokea waya wake, akauzungusha vidoleni taratibu, akautia mfukoni. Na kuanzia kesho yake akaanza kunisalimia kwa Kifaransa. Mtu ambaye miaka saba ameniambia "Mbote, ndeko" kila asubuhi, sasa ananiambia "Bonjour, Madame," na kupita. Yeyote anayekaa Kisangani anajua Kifaransa cha namna ile kinavyouma. Nikajiambia, afadhali, mashine itapona.

Kesho yake, simu haipo, saa tano, mashine ikafa.

Sasa mtu mwenye adabu angekwenda kuomba radhi. Mimi nilisema ni batri. Nikaazima batri nyingine kwa mwenye pirogi, nikaibeba kichwani mwenyewe kutoka mtoni, jasho lote. Saa tano, ikafa. Nikasema ni waya. Nikabadilisha waya. Nikasema ni kikadi. Wiki mbili zikapita hivyo, na kila siku tulipoteza saa nzima, wakati mwingine mbili.

Préfet akaja. Ni mtu wa haki, lakini ana darasa jingine linalosomea chini ya turubai, na mvua za kwetu haziombi ruhusa.

"Madame," akasema, "mimi nilikupa chumba juu ya batoto. Sasa batoto iko nakaa naangalia mashine yenye kufwa. Bon. Ijumaa nitakuja kukaa humu ndani. Kama inakufwa tena, utaipeleka kwako, na ba finalistes watarudi kwa chaki. Donc, Ijumaa."

Kwa wanafunzi wengine hiyo ilikuwa hasara, si msiba. Wengi walikuwa na kaka au dada aliyemaliza, na daftari za zamani nyumbani. Kwa yule mama ilikuwa mwisho. Hakuwa na daftari la mtu, hakuwa na kitabu, na nyumbani kwake akifika kuna moto wa kuwasha na watoto wa kuogesha. Masomo yake yote yalikuwa katika zile saa za asubuhi, ndani ya ile mashine.

Alhamisi niliposhuka kwenye pirogi alinishika mkono, beseni la chikwange likiwa bado kichwani.

"Madame, minaomba, usichoke. Mi niko kwa équations sasa. Zinaanza kuniingia. Kama mashine inaondoka, mi naenda Ubundu kuuza chikwange tena, mpaka nitazeeka nayo."

Niliogopa, na nikiogopa nanuna, kwa hiyo nilimnunia yeye pia, nikapanda toleka, zile baiskeli zetu za abiria, nikamwambia kijana akanyage.

Ijumaa niliketi kando ya mashine tangu asubuhi kama mtu aliyelaza mgonjwa. Nimeivisha kofia yake vizuri, nimenyoosha tundu la waya, nimefunga dirisha la upande wa barabara vumbi lisiingie. Baada ya mapumziko préfet akaingia, akakaa dawati la nyuma, mikono kifuani. Saa tano kasoro robo. Bati juu yetu lilianza kutoa ile milio yake ya jua kali. Darasa lote lilikuwa linasoma tableti kwa jicho moja na kutazama taa ya kijani kwa jicho la pili.

Yule mama alikuwa kwenye maswali ya fizikia. Akasoma kwa sauti kama kawaida yake: kati ya vitu hivi, kipi kinapitisha joto kwa shida zaidi? Waya wa shaba, maji, kipande cha bati, kitambaa cha sufu.

"Madame, ni sufu?"

"Ni sufu," nikasema. Nilifurahi kupata kitu cha kufanya mbele ya préfet, nikasimama, nikashika chaki. "Sikilizeni vizuri, maana wanaliuliza kila mara. Blanketi halina moto ndani yake. Mtoto ndiye mwenye joto. Blanketi linazuia tu lile joto la mtoto lisitoke. Ukifunika kitu kinachotoa joto, joto linabaki humo humo, linaongezeka, linaongezeka."

Nilikuwa nachora mtoto ndani ya blanketi. Nachora vibaya, wakaanza kucheka.

"Madame," akasema yule mama nyuma yangu, na sauti yake haikuwa na kicheko, "na mashine iko natoa joto?"

"Bila shaka. Kila kitu kinachotumia umeme kinatoa..."

Nikageuka na chaki mkononi.

Yeye alikuwa ameshainuka. Alipita kati ya madawati, akaja mpaka mezani pangu, akaingiza kiganja chake chini ya ile kofia ya krosheti, akakiacha humo kama anavyoshika paji la uso la mtoto.

"Iko na homa," akasema.

Akaivua kofia. Niligusa: ilikuwa moto wa kuchemsha chai! Nyumbani nilikuwa naiwasha uchi, kwenye upepo wa dirisha, kofia imekunjwa mkobani. Shuleni, chini ya bati, tableti nane zinaivuta, nilikuwa naivalisha sufu na blanketi la mtoto mchanga, halafu nakaa kushangaa kwa nini inazimia jua likipanda. Mimi. Mwalimu wa fizikia. Préfet ndiye aliyeanza kucheka. Yule mzee hacheki, lakini alicheka mpaka akavua miwani. Halafu wote. Tukafungua dirisha, nikaipepea mashine kwa daftari la mahudhurio, na taa ya kijani ikaendelea kupepesa. Ikapita saa tano, ikapita saa sita, ikafika kengele ya mwisho. Préfet aliondoka akipangusa macho, akasema chumba ni changu.

Katika furaha ile sikuona kwamba mtu mmoja hakucheka. Yule mama aliikunja kofia yake, akaitia kifuani mwa blauzi, akatoka kengele ilipolia bila kuaga.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Nikamuuliza binti yake, akainama. "Anasema haya iko namushika, Madame. Anasema ameharibia batoto ya batu wiki mbili. Anasema ataacha."

Ekié! Hasira iliyonipanda hapo ilikuwa mpya kabisa, hata mimi sikuifahamu. Nilimwachia mwenzangu darasa, nikashuka mpaka mtoni. Nilimkuta ameketi nyuma ya beseni, saa nne ya asubuhi, saa ya équations.

"Unafanya nini hapa?" nikamuuliza kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wapiga kasia.

"Madame, unisamehe. Ni mi njo niliua ile mashine."

"Wewe? Nani mwalimu wa fizikia katika shule ile, wewe au mimi? Nani alisoma chuo kikuu miaka mitano kujifunza habari za joto? Wewe uliishona tu. Mimi ndiye niliyeivalisha, kila siku, nikaifungia na dirisha! Na nani aliyepata ugonjwa wake? Nilibeba batri kichwani kama punda, nikabadilisha waya, na wewe ulipata jibu kwa kusoma swali moja. Halafu unakaa hapa unanionea haya? Mimi ndiye wa kuona haya, na mimi nimekuja, sasa inuka!"

Wauzaji wenzake walikuwa wameacha kuuza. Yeye alinitazama, machozi yakimtoka, lakini midomo ilianza kukaa vibaya, kama mtu anayezuia kicheko kanisani.

"Na ule tonton wa historia," akasema, "umemuomba radhi?"

Nikatazama maji.

"Madame?"

"Bado."

"Aa. Donc weye unaniletea makelele hapa, na yule papa ulimutukana mbele ya batu, unamuacha hivyo."

"Nitamwomba."

"Ukimuomba, mi narudi. Ukikosa, nabaki na chikwange yangu."

Nilivuka mto mchana ule nikiwa nimeshindwa vibaya. Nikapika lituma, ndizi za kuponda kama anavyozipenda mtu yeyote wa mto, na liboke ya samaki katika majani, pilipili ya kutosha. Asubuhi nikabeba vyote hivyo pamoja na maktaba. Kwa kuwa nilimtukana mbele ya walimu wote, nilingoja walimu wote wafike. Nikaweka chakula mbele yake, nikasema kwa sauti ile ile niliyomfokea nayo: "Simu yako haikuua kitu. Mimi ndiye niliyekuwa naua, kwa kofia. Nilikusingizia, na lile neno la vitu vilivyokufa lilikuwa neno baya. Nisamehe."

Alifungua majani. Akanusa. Akala kipande, akala cha pili, mtu asiye na haraka, na mimi nimesimama kama mtuhumiwa, kengele inakaribia. Aliponyonya kidole cha mwisho akaniangalia.

"Mbote, ndeko," akasema. "Sasa simu yangu inaweza kuonja batri kidogo?"

Sikujua kwamba nilikuwa nimeikosa sana salamu ile mpaka nilipoisikia tena. Nilimwambia aichomeke mpaka iote majani.

Yule mama alikuwa tayari darasani, tableti mkononi, vijana wake wanne wamemzunguka. Alivuta hewa kwa pua, akasikia harufu ya liboke kwenye mikono yangu, akajua nimelipa deni, akaanza kusoma swali.

Tulikuwa na miezi miwili. Tulifanya Jumamosi pia. Mashine ilikaa uchi juu ya vipande viwili vya tofali ili upepo upite chini yake, na vumbi tulilipangusa kwa manyoya ya kuku kila asubuhi. Mwalimu wa historia alianza kuniletea maswali yake ya maarifa ya jumla, ameyaandika kwa mwandiko mzuri wa zamani, nami nikayatia humo. Yule mama alipita équations, akaingia takwimu, akakwama, akalia, akapiga meza, akapita. Mara moja nilimkuta anamfundisha mmoja wa vijana wake kutafuta x kwa kutumia chikwange tatu na nusu, nikasimama mlangoni nisimkatishe. Alikuwa anaeleza vizuri kuliko mimi.

Walifanya mtihani. Siku za kungoja nilikuwa siongeleki, waulize watoto wangu.

Matokeo ya kwetu yanakuja kwa simu. Unatuma namba ya mtahiniwa, unangoja. Asubuhi ilipovuma kwamba yametoka, nilivuka na mwalimu wa historia katika pirogi moja. Ukingo wa mto ulijaa watu, tayari wengine wameshamwagiwa poda nyeupe kichwani, maana kwetu aliyefaulu anamwagiwa poda mpaka kope. Yule mama alikuwa amesimama na beseni kichwani, binti yake kando. Namba yake ilikuwa imeandikwa kiganjani. Nilianza kuibonyeza, nikakosea mara mbili, nikampa simu mwenzangu.

Ujumbe ulikuja. Aliusoma kimya kwanza, akarekebisha miwani. Nilitamani kumsukuma mtoni.

"Amefaulu," akasema. "Asilimia hamsini na nne."

Yule mama hakusogea. Beseni halikutikisika.

"Soma tena," akasema.

Akasoma tena.

"Tena, papa."

Akasoma mara ya tatu, kwa sauti ya darasani, jina lake lote, namba yote, na hamsini na nne. Ndipo alipolishusha beseni chini, polepole, akaliweka sawasawa lisimwagike, akaketi kwenye mchanga na kuficha uso katika kitenge. Binti yake alimmwagia poda mfuko mzima. Nilipiga kelele ambazo nilikuwa sijapiga tangu arusi yangu. Mwalimu wa historia alicheza. Tulikula chikwange zote za beseni, hakuna aliyeuza kitu siku ile.

Treni ya Ubundu haina siku, ina bahati. Ilipopatikana, wiki tatu baadaye, nilikwenda stesheni ya Lubunga kumuaga yule mama. Mume alikuwa anapandisha magodoro, watoto wameketi juu ya mifuko, na yeye alikuwa ng'ambo ya umati, anahesabu mizigo kwa kidole, diploma haijatoka bado lakini karatasi ya matokeo imefungwa kwenye plastiki na kutiwa kifuani. Makelele yalikuwa mengi, watu, mbuzi, wenye kusukumana. Nilitaka anisikie. Sikumwita mama. Niliweka mikono mdomoni, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Madame!"

Akageuka, akaangalia nyuma yake, akitafuta ni mwalimu gani ninayemwita.